Mambo ya Nyumbani: Mkate Usioumuka

Juma hili nimepata barua ya dada mmoja ambaye hakutaka jina lake litajwe. Anasema mara tatu amejaribu kuoka mkate nyumbani kwake, na mara zote tatu umetoka mzito kama tofali. Mara ya tatu mumewe alimkataza kugusa unga wa ngano tena, maana unga wanunuliwa kwa fedha. Dada huyo auliza: mkono wangu una kasoro gani?

Kabla sijamjibu, hapana budi nikiri jambo langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita, Jumatatu ya Pasaka, tulikuwa na wageni wawili, katekista na mkewe. Mama watoto aliamka alfajiri akakanda unga. Mkate ulipofunuliwa ulikuwa bapa, mgumu pembeni na mbichi katikati. Nami, mbele ya wageni, nikasema afadhali tungalinunua wa dukani. Hakunijibu neno. Alichemsha viazi vitamu, wageni wakala kwa chai, wakaenda zao.

Usiku, watoto walipokwisha kulala, alileta pakiti ya hamira akaiweka mezani. "Baba watoto, hii uliinunua lini?" Ndipo nikakumbuka. Niliinunua kabla ya Krismasi. Nusu yake ilitumika kwa maandazi ya wanakwaya, na nusu iliyobaki ilikaa katika mtoto wa meza yangu ofisini, mdomo wazi, chini ya dirisha lipigwalo na jua la mchana. Yeye hakujua; alipewa pakiti akaitumia. Akatwaa maji ya vuguvugu kikombeni, akatia sukari kidogo na kijiko cha hamira ile, tukakaa tukikitazama. Ikapita robo saa. Hakuna povu, hakuna harufu, ila tope jepesi lililotulia chini ya kikombe.

Neno nililolisema mbele ya watu halikuweza kurudishwa chumbani kwetu tu. Juma lililofuata nilipanda baiskeli nikaenda kwa katekista, nikamweleza yeye na mkewe kwamba mkate ule niliuharibu mimi. Njia ya kwenda kule ni ya mlima, na siku hiyo niliiona ndefu.

Basi dada yangu, anza hapo. Hamira si dawa kama magadi. Ni viumbe hai, vidogo hata jicho halivioni mpaka kwa hadubini. Louis Pasteur, yule bingwa wa Ufaransa, alionyesha katika miaka ya 1850 kwamba kuchachuka ni kazi ya viumbe hao. Hamira hula sukari, hutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo ivimbishayo unga. Kilicho hai chaweza kufa. Joto la nyuzi 60 huiua hamira, nayo maji yaliyotoka kuchemka yana joto zaidi sana ya hilo. Unyevu na jua huidhoofisha polepole. Kwa hiyo ukiifungua pakiti, funga mdomo vizuri, itie katika kichupa kikavu chenye kifuniko, uiweke penye baridi na kivuli. Tena usiimwage katika unga kabla ya kuijaribu kikombeni kama mama watoto alivyofanya. Ikitoa povu katika dakika kumi au kumi na tano, endelea. Isipotoa, umepoteza kijiko kimoja cha sukari, na unga wako ungali mzima mfukoni.

Sasa vipimo. Unga wa ngano nusu kilo. Hamira kavu ya chembechembe, kijiko 1 na nusu cha chai. Sukari vijiko 2 vya chai. Chumvi kijiko 1 cha chai. Mafuta ya kupikia vijiko 2 vya mezani. Maji ya vuguvugu mililita 300, yaani kikombe kimoja kikubwa. Kama waogopa hasara, fanya nusu ya vipimo hivyo. Ngano nyingi tuilayo Tanzania yatoka ng'ambo, na vita ya Urusi na Ukraine ilipopamba moto mwaka 2022 bei ya unga ilipanda huku kwetu pia. Simlaumu mume wa dada huyu kwa kuhesabu fedha zake.

Changanya chumvi na unga kwanza, kisha mimina maji yenye hamira na mafuta, ukande. Hapa ndipo wengi wakosapo mara ya pili. Unga ukinata mikononi, wao huongeza unga mkavu, na ukinata tena huongeza tena, mwisho wamekanda tofali kweli. Vumilia unate. Kanda dakika kumi kwa saa, usikisie, nao utaacha kunata wenyewe. Kata kipande kidogo ukivute taratibu kwa vidole: kikiwa chembamba hata mwanga wapita bila kuchanika, umekanda vya kutosha.

Funika kwa kitambaa kibichi, uache uumuke mpaka uwe mara mbili. Usiniulize ni muda gani. Tanga au Dar es Salaam wakati wa joto, saa moja yaweza kutosha. Njombe au Lushoto wakati wa baridi, labda saa mbili na zaidi. Tazama unga, usitazame saa. Ukisha kuumuka, uponde kidogo, ufinyange mkate, uutie katika bati lililopakwa mafuta, na uache uumuke tena karibu nusu saa au zaidi. Yule mwanamke wa Injili aliyetia chachu katika pishi tatu za unga alikuwa na unga wa kulisha karamu nzima. Hakika naye alingoja.

Jiko la kuokea huna? Mimi pia sina. Mabibi wa pwani wameoka mkate wa kumimina miaka na miaka kwa sufuria na makaa tu, wakipalia moto juu. Twaa sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga mkavu chini, weka bati la mkate juu ya mchanga, funika kwa mfuniko bapa wa bati. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Watu wengi hufanya kinyume: chini mkate waungua, juu mweupe kama uso wa mgonjwa. Pasha sufuria moto dakika kumi kabla ya kutia mkate. Usifunue kabla ya dakika 25, hata harufu ikikushawishi namna gani. Baada ya dakika 35 au 40 utoe, uugeuze, uugonge chini kwa kidole: ukilia kama ngoma, umeiva.

Kazi hii ya makaa ifanyeni uani au jikoni penye hewa ya kutosha. Msiingize jiko la mkaa ndani na kufunga mlango na madirisha, hasa ninyi wa nyanda za baridi. Hewa yake yenye sumu haina harufu, nayo huua watu usingizini.

Mwenye jiko la gesi hawezi kupalia makaa juu. Afunike vizuri, moto mdogo, na mkate ukisha kushikana augeuze juu chini kwa dakika kumi za mwisho. Si mzuri wa sura, lakini waliwa.

Na wewe ndugu yangu uliyekataza unga, nakuomba jambo moja tu: ni nani aliyenunua ile hamira, na ilikaa wapi? Itie kijiko katika maji ya vuguvugu leo jioni, mkae wote wawili mkitazame kikombe.

Juma lijalo nitajibu swali la mzee wa Jumuiya aliyeuliza kama unga wa muhogo waweza kuchanganywa na wa ngano. Waweza, lakini si kwa kiasi alichokitaja yeye.