UCHAMBUZI: Mafuta yaliyo mwambani si mafuta yaliyo sokoni

TANGU mafuta yagunduliwe katika kisima cha Ngamia-1, Kaunti ya Turkana, mnamo Machi 2012, Wakenya wamezoea kutajiwa idadi ya mapipa yaliyomo ardhini. Ni nadra kuambiwa ni mangapi yatakayotoka. Tofauti ya hesabu hizi mbili si ndogo: kwa wastani, takriban thuluthi moja tu ya mafuta yanayogunduliwa duniani ndiyo hutolewa.

Sababu ni kwamba mafuta hayakai ziwani chini ya ardhi, jinsi wengi wanavyodhani. Yamejificha katika vitundu vidogo mno vya mwamba. Kuna mwamba unaopenda maji na kuna unaopenda mafuta. Huo wa pili huyang'ang'ania mafuta mithili ya sufuria iliyokaangiwa nyama: ukiimwagia maji matupu yanateleza tu, utando wa mafuta ukabaki pale pale.

Mpishi hutia sabuni. Wahandisi nao hutia kemikali za jamii ya sabuni, ziitwazo safaktanti, katika maji wanayoyasukuma ardhini. Kemikali hizo huugeuza uso wa mwamba ukaanza kupenda maji. Maji hupenya vitunduni na kuyatoa mafuta.

Hii si ndoto ya maabara. Katika eneo la Yates, jimbo la Texas, Marekani, ambako mafuta yaligunduliwa mwaka wa 1926, mbinu hii ilijaribiwa katika miaka ya 1990. Mwamba wa huko ni wa jamii ya chokaa na umejaa nyufa. Maji matupu hukimbilia nyufani na kuyaacha mafuta ndani ya jiwe.

Je, Turkana nayo itafaidika? Tusikimbilie jibu. Mafuta ya Lokichar yamo katika mawe ya mchanga, na kemikali inayofaa chokaa yaweza kunata kwenye mchanga ikapotea bure. Aidha, mafuta hayo yana nta nyingi na huganda yasipopashwa moto. Isitoshe, kusukuma mafuta kunahitaji maji mengi katika kaunti ambayo wafugaji wake huyatafuta kwa jasho.

Hata hivyo, suala hili si la wahandisi pekee. Sheria ya Petroli ya mwaka wa 2019 inaitengea kaunti asilimia 20 ya mapato ya serikali kutokana na mafuta, na jamii ya eneo hilo asilimia 5. Mafuta yanayosalia mwambani hayajengi zahanati wala hayachimbi kisima cha maji.

Lakini kemikali nazo zina gharama, na katika mikataba ya kugawana mafuta kampuni hurejeshewa gharama zake kabla ya faida kugawanywa. Kwa hivyo mapipa kuongezeka si lazima fungu la mwananchi liongezeke.

Mnamo 2025, Tullow iliiuzia Gulf Energy mali yake ya mafuta nchini. Mwenye kisima amebadilika. Mwamba ni ule ule. Serikali na kampuni hiyo ziwaeleze wananchi mambo matatu: ni sehemu gani ya mafuta inayotarajiwa kutolewa, kwa mbinu ipi, na kwa gharama ya nani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.