Makucha pa Annexe: anza na verni, taa ya jeli ingojee

Wabinti na wamama wengi wa komine Annexe wanaanza kazi ya makucha nyumbani wakiwa na makuta kidogo sana. Huko Ulaya, dawa moja ya jeli imekatazwa tangu mwezi wa Septemba 2025. Habari hiyo inatugusa namna gani sisi wa Lubumbashi? Na mtu anayeanza leo anunue nini, aache nini?

Kwanza habari yenyewe. Tangu tarehe 1 Septemba 2025, katika inchi zote 27 za Umoja wa Ulaya, hakuna tena ruhusa ya kuuzisha wala kupaka wateja jeli ya makucha iliyo na kitu kinachoitwa TPO. Jina lake lote, lile utakaloona kwenye chupa, ni Trimethylbenzoyl Diphenylphosphine Oxide. Kazi yake ni kufanya jeli ikauke upesi chini ya taa. Wataalamu wa Ulaya waliiweka katika kundi la vitu vinavyodhaniwa kuharibu uzazi, wakifuata majaribio yaliyofanywa juu ya wanyama. Marekani wao hawakuikataza. Watu wengine wanasema Ulaya imezidisha woga, kwa sababu jeli ikisha kukauka vizuri kinachobaki ni kidogo. Lakini mwenye kupaka watu kila siku anaishika mara nyingi kuliko mteja anayekuja mara moja kwa mwezi.

Sheria hiyo haifiki kwetu. Hapo ndipo swali linaanza. Soko likifungwa fasi moja, mali inatafuta fasi ingine. Hatusemi kila chupa iliyo pa soko ya Kenya ao pa soko ya Mzee ina TPO. Tunasema tu kwamba hakuna anayemuuliza muuzishaji, na muuzishaji mwenyewe mara nyingi hajui, juu ya maandishi ni ya Kichina ao Kiingereza, tena ni madogo kama chawa.

Kwa nini Annexe

Komine Annexe inazunguka Lubumbashi kama pete. Kalebuka, Kasapa, Kisanga, Luwowoshi, Munua, Naviundu, Kasungami: mtu wa fasi hizi akitaka kwenda kutengenezwa makucha katikati ya mji, taxi-bus ya kwenda na kurudi inaweza kukaribia bei ya kazi yenyewe. Kwa hiyo kazi inafuata watu nyumbani. Kuna vijana wanaotembea na kikapu cha chupa za verni, na kuna wabinti wanaoweka kiti chini ya muembe na kupokea majirani siku ya posho, mbele ya arusi na misa ya siku ya Mungu.

Ni kazi nzuri kwa anayeanza. Haiombi nyumba ya kupanga, haiombi diploma, na kama siku ni mbaya hupotezi sana. Wasomaji wetu wa Goma na Bukavu, ambako benki zilifunga milango tangu mwanzo wa mwaka 2025, wanajua kuliko sisi faida ya kazi inayoanza na makuta ya mfukoni.

Shida ni kwamba wengi wanataka kuanza kwa juu. Wanaona picha kwenye simu, makucha marefu yanayongaa, na wanakimbilia kununua taa ndogo, jeli, kapsuli na kole. Hapo wanaingia katika sehemu ngumu kuliko zote, bila mwalimu.

Taa, umeme na ngozi

Jeli si verni nzito tu. Inapokuwa ndani ya chupa iko na vitu ambavyo ngozi inaweza kuvikataa, na vinatulia tu kama taa imevikausha kabisa. Taa ikiwa zaifu, ao haipatani na jeli ile, juu panakauka na chini panabaki pabichi. Mteja anaenda nyumbani na dawa mbichi juu ya kidole.

Sasa fikiri Annexe yetu. Kuna avenue ambazo waya ya SNEL haijafika. Kuna zingine ambazo iko, lakini deletaji inakuja wakati wowote. Unatumia taa kwa powerbank iliyochoka, umeme unakatika katikati ya mkono wa kushoto. Nguvu ya taa inashuka na wewe hauoni, juu ya mwanga wa bluu unaonekana ni ule ule.

Matokeo yake yana jina: aleji ya akrilati. Vidole vinawasha, vinavimba, ngozi inapasuka, kucha linaachana na nyama. Mwaka 2018, chama cha madaktari wa ngozi cha Uingereza, British Association of Dermatologists, kilitoa onyo juu ya jambo hili, na kilitaja zaidi visanduku vya kujipaka nyumbani. Jambo kubwa ni hili: aleji hiyo ikisha kuingia, kwa kawaida haitoki tena maisha yote. Na vitu vya familia ile ile vinatumiwa na daktari wa meno kuziba jino, na pia katika kazi zingine za hospitali kama kuweka kiungo cha bandia. Binti wa miaka 19 anaweza kujifungia mlango wa matunzo ya kesho kwa ajili ya chupa moja ya leo.

Ulaya ilikuwa imekwisha kugusa jambo hili mbele. Tangu mwaka 2021, jeli yenye HEMA, mojawapo ya vitu hivyo, inapaswa kuandikwa kwamba ni ya wenye kufanya kazi hiyo peke yao, si ya kujipaka nyumbani. Huku kwetu inauzishwa kwa kila mtu, hata kwa mtoto wa masomo.

Kisanduku cha kuanzia

Basi mtu asiye na makuta mengi anunue nini? Tumeandika hapa vitu ambavyo kila kimoja kina kazi. Visivyo na kazi tumeviacha.

- Kupe-ongle mbili za chuma, ndogo ya mikono na kubwa ya miguu. Chagua zinazofunga vizuri pande zote, zisipitishe mwanga katikati.
- Lime. Ile ya karatasi haisafishwi, kwa hiyo ni ya mteja mmoja: ikate vipande, umpatie chake aende nacho. Ile ya kioo ao ya chuma inasafishwa na inadumu.
- Brashi ndogo, sabuni, beseni na taulo mbili nyepesi zinazofuliwa upesi.
- Vijiti vya mti vya kusukuma ngozi iliyo pembeni ya kucha. Kisukume, kisikate. Ngozi ile ni mlango. Ukiikata, microbe inaingia.
- Pamba na disolvan.
- Verni tatu ao ine tu: moja isiyo na rangi, ya kutanguliza na ya kumalizia, moja nyekundu, moja ya rangi ya ngozi, na ingine kama uwezo upo. Tabaka mbili nyembamba zinakauka vizuri kuliko moja nene, na chupa inapita watu zaidi ya kumi.
- Mafuta kidogo. Vaselini inafaa, na hata mafuta ya karanga. Haiombi chupa ya bei nguvu.
- Alkoli ya digri 70 kutoka farmasi.

Wembe usiingie katika kisanduku hiki. Mashini ya kusugua makucha pia ingojee, juu ya mkono usiozoea unakula kucha mpaka kwenye nyama. Na kama mtu anakuuzishia maji ya akrilike ya bei ndogo sana, yenye harufu kali ya kuumiza pua, ukatae. Inaweza kuwa MMA, dawa ambayo huko Marekani ilitolewa pa soko kwa makucha tangu miaka ya 1970, kwa sababu ya majeraha na aleji.

Damu usiyoiona

Kitu ambacho kinaogopesha waganga zaidi si rangi, ni chuma. OMS inaeleza kwamba virusi vya hepatiti B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku zisizopungua 7. Havihitaji damu nyingi. Tone usiloliona kwenye kupe-ongle linatosha. Ukikata mteja wa kwanza kidogo, ukapangusa chuma na pamba, ukaendelea na wa pili, umemfanya wa pili ashiriki damu ya wa kwanza. Na watu wakubwa wengi kwetu hawakupata chanjo ya hepatiti B, kwani inapewa zaidi kwa watoto wachanga.

Dawa yake si bei nguvu. Osha vyuma na sabuni na brashi mpaka viwe safi kabisa. Kisha uviweke katika sufuria ndogo juu ya mbabula, na tangu maji yanapochemuka uhesabu dakika 20. Uvikaushe kwa kitambaa safi na uviweke katika kopo lenye mfuniko. Kati ya mteja na mteja, kama hauna wakati wa kuchemsha, uwe na seti ya pili. Alkoli inasaidia kwa mikono yako, na kwa chuma kilichokwisha kuoshwa. Haiwezi kushinda uchafu uliokauka juu ya chuma.

Tena kuna mteja wa kumrudisha kwa heshima. Mwenye vidonda, mwenye malengelenge ao upele mikononi, mwenye kucha nene la manjano linalomeguka: mwambie, mama, tutatengeneza ukisha kupona, pita kwanza kwenye santé. Kuficha ugonjwa chini ya verni si kumsaidia. Mwenye ugonjwa wa sukari, miguu yake usiikate karibu; kidonda kidogo kwake kinaweza kuwa jambo kubwa.

Na moto. Disolvan inashika moto upesi, na mvuke wake unatembea. Wakati wa deletaji tunawasha bouzi, mbabula iko karibu, mtoto anacheza pembeni. Fanya kazi nje ao mbele ya dirisha wazi, mbali na moto, na usiweke disolvan katika chupa ya Fanta. Mtoto hajui kusoma harufu.

Hesabu ya mtu anayeanza

Mali hii yote inatoka nje. Sehemu kubwa inapita Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, na bei yake inafuata dola. Mwishoni mwa mwaka 2025 franka yetu ilipanda mbele ya dola, lakini bei za vitu vingi hazikuteremka kwa mwendo ule ule. Kwa hiyo hatuandiki bei ya soko hapa, maana kesho itakuwa ingine. Tunatoa namna ya kuhesabu, na namba za mfano tu. Weka zako.

Tuseme kisanduku chote kimekula 40.000 FC. Mteja analipa 3.000 FC. Pamba, disolvan, verni, alkoli na makala ya kuchemshia vinakula 700 FC. Unabaki na 2.300 FC. Gawanya: mteja wa 18 ndiye anarudisha makuta yako. Wa 19 ndiye anaanza kukulisha.

Sasa tuseme taa na jeli vimekula 150.000 FC, mteja analipa 10.000 FC, na unabaki na 7.000 FC. Mteja wa 22 anarudisha makuta. Kwa karatasi, jeli haionekani mbaya. Lakini pa Kalebuka ao Kasungami, watu wa kulipa 10.000 kwa makucha ni wangapi kwa mwezi? Umeme utakuwa siku ngapi? Na mmoja wao akirudi na vidole vimevimba, avenue yote itajua mbele ya jua kushuka. Jeli ni hatua ya pili, kisha kujifunza kwa mtu anayeijua, pamoja na taa inayopatana na jeli yake.

Nani afanye nini

OCC ina kazi ya kuangalia bidhaa zinazoingia inchini. Si rahisi kwake kuona kila mfuko mdogo unaopita mpakani na wachuuzi. Hata hivyo, kuna mambo ambayo hayaombi makuta mengi: kutangaza kwa Kiswahili, kwenye redio na pa soko, orodha fupi ya majina ya kuangalia kwenye chupa, na kuomba wauzishaji wakubwa wa mji waonyeshe karatasi ya vitu vilivyo ndani. Zoni za afya nazo zinaweza kuwaita wenye kutengeneza makucha asubuhi moja na kuwafundisha kuchemsha vyuma. Kinyozi naye awepo, shida ni ile ile.

Wewe mteja pia una sauti. Mbele ya kunyoosha mkono, uliza: yaya, vyuma umevichemsha saa ngapi? Anayejua kazi yake hatakasirika. Atakuonyesha sufuria.