Ukali wa Mbwa ni wa Mwenye Mbwa

Wazee wetu walikuwa na msemo: mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Msemo huu hutajwa sana tunapomzungumzia mtumishi aliyeiga tabia ya bwana wake, na ni wachache wanaousikiliza kwa maana yake ya dhahiri. Leo twataka tuusikilize vivyo hivyo ulivyo, kwa kuwa una la kutufunza juu ya mnyama ambaye sisi Waislamu wa pwani, pamoja na ndugu zetu wa Garissa, Wajir na Mandera, twamjua kwa mbali na twamhukumu upesi.

Garissa si mbali nasi. Mto Tana unaopita pale ndio huo huo unaoshuka Hola na Garsen hadi kumwaga maji yake baharini karibu na Kipini. Soko lake la mifugo ni miongoni mwa masoko makubwa kabisa ya ng'ombe katika Afrika Mashariki, na nyama inayopikwa majikoni mwetu mara nyingi imetembea kwa miguu yake kutoka huko. Zaidi ya hayo, watu wa kule na sisi tu wa dini moja na madhehebu mamoja ya Imamu Shafi. Basi yanayosemwa juu ya mbwa katika baraza za Garissa hayatofautiani na yanayosemwa Lamu, Malindi au Mombasa.

Yanasemwa nini? Husemwa kuwa kuna mbwa wa aina mbili. Wa kwanza ni yule mkubwa mwenye jina la kigeni, mbwa wa polisi, au Rottweiler, au pit bull, anayelinda bohari na majumba ya wakubwa. Huyu husemwa kuwa kazaliwa muuaji, damu yake ni ya kuua, na hapana malezi yatakayomgeuza. Wa pili ni mbwa koko, anayezurura penye jaa na karibu na kichinjio. Huyu husemwa kuwa hana thamani wala madhara makubwa, dawa yake ni jiwe. Kwa maoni yetu hukumu zote mbili ni za dhulma, na mwenye kuumia kwa dhulma hizo, baada ya mbwa mwenyewe, ni mtoto wa mwanadamu.

Tuanze na yule mwenye jina. Jamii ya mbwa ambao wengi wetu twawajua kuwa ndio mbwa wa polisi asili yao ni Ujerumani. Vilipokwisha Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza walikuwa wakichukia kila chenye jina la Kijerumani, basi mnyama huyo wakampa jina jipya, Alsatian. Chama chao cha mbwa hakikumrudishia jina la asili yake hadi mwaka 1977. Mbwa alikuwa ni yule yule, meno yale yale na masikio yale yale. Kilichobadilika ni chuki za watu. Huko Arabuni nako kuna saluki, mbwa mwembamba wa mbio, ambaye mabedui wengi hawakukubali hata kumwita mbwa. Huyo hulala hemani na kusifiwa na washairi, ilhali ndugu yake wa mitaani hufukuzwa kwa fimbo. Tazama basi jinsi jina linavyoweza kumpandisha mnyama mmoja na kumshusha mwingine, bila hata mmoja wao kutenda jambo.

Wataalamu nao wamelipima jambo hili. Mwaka 2022 ilitolewa taarifa ya uchunguzi uliofanywa Marekani juu ya tabia za mbwa zaidi ya 18,000. Ilionekana kwamba mbegu ya mbwa hueleza kiasi cha asilimia 9 tu ya tofauti za tabia baina ya mbwa mmoja na mwingine. Sehemu kubwa iliyobaki hutokana na mambo mengine, yakiwemo malezi, umri na mahali anapoishi. Kwa maneno mengine, anayekuambia kuwa amemjua mbwa kwa kutazama umbo lake amekisia tu.

Ziko serikali zilizotunga sheria kwa kukisia huko. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1991 ya kupiga marufuku jamii nne za mbwa, na mwishoni mwa mwaka 2023 ikaongeza ya tano. Baina ya sheria hizo mbili, watu wazima waliolazwa hospitali za nchi hiyo kwa kuumwa na mbwa walizidi badala ya kupungua. Uholanzi ilipiga marufuku pit bull mwaka 1993, na mwaka 2008 ikatangaza kuiondoa marufuku hiyo baada ya kuona kuwa idadi ya wanaoumwa haikupungua. Sheria ilimshika mnyama kwa sura yake, ikamwacha mwenyewe anayemfunga mchana kutwa juani, anayempiga na kumlaza na njaa ili awe mkali, kisha akamfungulia usiku. Hapo ndipo uliposimama ule msemo wa wazee.

Hatusemi kwamba mbwa wote ni sawa. Mbwa mwenye uzito wa mtu na taya la nguvu akiuma, jeraha lake si sawa na la mbwa mdogo, na anayemfuga hana budi kuwa na ua madhubuti, mnyororo na akili. Mama anayemvuta mwanawe kando apitapo mbwa kama huyo hana kosa. Tunalolipinga ni kudhani kwamba hatari imekaa kwa huyo peke yake, kwa maana dhana hiyo hutufumba macho tusiione hatari iliyo karibu zaidi.

Hatari hiyo ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote katika Afrika na Asia. Katika kila wagonjwa mia, tisini na tisa huwa wameambukizwa na mbwa, na wengi wa wanaoumwa ni watoto. Dalili zikishatokea, karibu hapana anayepona. Na virusi vya ugonjwa huu havichagui mbegu. Mbwa mkubwa wa mlinzi aliyechanjwa kila mwaka hana kichaa cha kumwambukiza mtu, lakini kile kitoto cha mbwa koko ambacho watoto wa chuoni wanakichezea baada ya darasa kinaweza kuwa na mauti katika mate yake. Mtoto akikwaruzwa kidogo na mbwa mdogo, wazazi husema si kitu, ni kijibwa tu. Ugonjwa huweza kukaa mwilini miezi miwili au mitatu kabla ya kujitokeza, na hapo jeraha limeshasahauliwa.

Kule Garissa jambo hili lina uzito wa pili. Mali ya watu ni ngamia, ng'ombe na mbuzi, nao huambukizwa vile vile wakiumwa, na mnyama aliyeshikwa na kichaa hafai kuchinjwa na kuliwa. Wapo wafugaji wanaoweka mbwa nje ya boma la miiba ili wapige kelele fisi akisogea. Mbwa hao hufanya kazi ya haki, na sheria ya dini yenyewe imewaruhusu. Lakini kwa kuwa mbwa hahesabiwi kuwa ni mali, hakumbukwi siku mifugo inapochanjwa. Ngamia hupigwa sindano, na mlinzi wake huachwa.

Hapa yatupasa kuligusa suala la dini, kwa maana ndilo linalotajwa kwanza kila mbwa anapozungumzwa. Katika madhehebu yetu mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo hatulijadili. Lakini najisi ni hukumu ya tohara, wala si hukumu ya kosa. Mnyama hakupewa najisi kuwa ni adhabu, wala sisi hatukupewa ruhusa ya kumtesa kwa ajili yake. Maimamu wa madhehebu ya Malik humhesabu mbwa aliye hai kuwa ni tohara, na hapana aliyewatoa katika Uislamu. Kurani Tukufu, katika Sura ya Al-Maida, imehalalisha windo la mbwa aliyefunzwa, na katika Al-Kahf imemtaja mbwa aliyelala kizingitini mwa pango la wale vijana wema, akiwa pamoja nao muda wote. Nayo Hadithi iliyo sahihi yatueleza habari za mtu aliyeshuka kisimani kwa kiu, na alipotoka akamwona mbwa akihema na kulamba udongo wenye unyevu. Akashuka tena, akajaza maji kiatu chake, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamghufiria madhambi yake. Hatukuambiwa mbwa yule alikuwa wa mbegu gani.

Wanazuoni wa zamani waliyaelewa hayo. Ibn al-Marzuban wa Baghdad, aliyefariki mwaka 921, aliandika kitabu kizima cha kuonyesha kuwa mbwa huwashinda kwa wema wengi katika waliovaa nguo. Hakuandika hivyo ili tuwalaze mbwa vitandani mwetu. Aliandika ili mwanadamu aone haya.

Lipo jambo jingine ambalo twalisema kwa adabu, kwa kuwa mwanadamu ametukuzwa na hafananishwi na mnyama. Tabia ya kuhukumu kwa sura na jina ni moja, popote inapotumiwa, na watu wa Kaskazini Mashariki wanaijua kuliko wengi. Tangu Desemba 1963 hadi Novemba 1991 waliishi chini ya sheria za hali ya hatari. Neno shifta lilitumiwa kwa mhalifu, kisha likatumiwa kwa mchungaji, mwanafunzi na mwenye duka, mradi sura yake ilikuwa ya kule. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walipangwa foleni kuchunguzwa uraia wao na kupewa kadi za peke yao, jambo ambalo raia wengine hawakufanyiwa. Mtu aliyeonja uchungu wa kuhukumiwa kabla ya kutenda, yeye ndiye wa kwanza kujua kuwa hukumu ya namna hiyo haimpati mkosaji, bali hupita juu ya vichwa vya wasio na hatia na kumwacha mkosaji akitembea.

Vivyo hivyo kwa mbwa. Manispaa na mabaraza ya miji katika nchi nyingi yamezoea kuwapiga risasi na kuwalisha sumu mbwa koko kila hofu inapozuka. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wamekwisha kusema kuwa kuua huko peke yake hakukomeshi kichaa, kwa maana mahali pa waliouawa hujazwa na wengine wasiochanjwa. Kinachokomesha ni kuchanja, na inatosha kuwafikia mbwa 70 katika kila mia.

Kama kuna anayedhani kuwa kazi hiyo haiwezekani katika jamii ya Kiislamu, na aitazame Pemba. Kisiwa kile ni cha Waislamu kama sisi, na kilisumbuliwa na kichaa cha mbwa kwa miaka mingi. Ilipotiwa bidii kuchanja mbwa, ugonjwa ukatoweka mwaka 2014. Mwaka 2016 ukaingizwa tena kutoka nje, chanjo ikatiwa nguvu upya, na kufikia Oktoba 2018 ukakoma mara ya pili. Wapemba hawakubadilisha madhehebu yao, wala hawakuulizana mbwa huyu ni wa jamii gani. Walimshika mbwa, akapigwa sindano, akaachiwa aende zake.

Serikali ya Kenya ilijiwekea mpango mwaka 2014 wa kuutokomeza ugonjwa huu ifikapo mwaka 2030. Muda uliobaki ni mfupi. Kazi ya mifugo tangu mwaka 2013 imo mikononi mwa kaunti, nasi twazitaka kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, pamoja na zetu za pwani, ziwahesabu mbwa katika kampeni za chanjo kama zinavyowahesabu ngamia na ng'ombe. Mwenye kufuga mbwa mkubwa na aulizwe juu ya ua wake, mnyororo wake na cheti chake cha chanjo, na akimwachia akamdhuru mtu, ashtakiwe yeye mwenyewe. Masheikh na walimu wa vyuo twawaomba wawaambie watoto mambo mawili: kwamba kumpiga mbwa mawe ni dhulma na pia ni kumchokoza aume, na kwamba aliyeumwa au kukwaruzwa, hata na kijibwa, aseme siku hiyo hiyo.

Na akisema, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali kudungwa sindano bila kungoja kesho. Kuosha kwa tohara kuna wakati wake na utaratibu wake. Kidonda hakipakwi udongo.

Kumwogopa mbwa si aibu, wala hapana anayetutaka tumpende. Tunachodaiwa ni haki tu, tumtazame alivyolelewa na kama amechanjwa, na jina la mbegu yake tuliweke kando. Tukifanya hivyo, mbwa atapumzika na mawe yetu, nasi tutapumzika na misiba ambayo sindano moja ingeizuia.