Jina Kubwa, Injini Ndogo

Mwezi huu nazungumzia gari. Usifunue ukurasa haraka hata kama wewe si mtu wa magari, maana jambo hili linagusa mfuko wa watu wawili.

Gari lenyewe ni Toyota Supra. Ile iliyotoka mwaka 1993 ilikuwa na injini ya lita 3.0, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na yenye nguvu zaidi ilikuwa na turbo mbili. Mafundi waliichokonoa injini ile mpaka ikatoa nguvu za farasi zaidi ya 1,000. Filamu ya The Fast and the Furious ya mwaka 2001 ikaifanya staa. Mwaka uliofuata Toyota ikaacha kuitengeneza, na wapenzi wake wakabaki kama wajane.

Januari 2019, kwenye maonyesho ya magari ya Detroit kule Marekani, jina likafufuliwa. Watu wakashangilia. Kumbe Japani ingeuzwa pia Supra ya lita 2.0 yenye silinda nne! Jamani, kelele zilizopigwa zilikuwa si za kawaida.

Tuwe wakweli, wanaolalamika wana hoja. Mwaka 1978 Toyota ilichukua Celica, gari la silinda nne, ikairefusha pua ili silinda sita zipate kuenea. Hivyo ndivyo Supra ilivyozaliwa. Jina lenyewe ni neno la Kilatini lenye maana ya "juu ya". Sasa ukiipunguzia silinda mbili, si umeirudisha kwenye Celica? Halafu, mhandisi mkuu wa gari hili jipya, Tetsuya Tada, alieleza kwamba Supra lazima iwe na silinda sita za mstari na isukumwe na magurudumu ya nyuma. Ndiyo maana Toyota ikashirikiana na BMW, yenye injini za namna hiyo. Ukishasema hivyo, unaanzaje kuuza ya silinda nne?

Nawaelewa, lakini siendi nao mpaka mwisho. Supra za kwanza zilizouzwa Marekani zilikuwa na lita 2.6 na nguvu za farasi 110 hivi. Hii "ndogo" iliyoingia Ulaya mwaka 2020 ina 258! Ni nyepesi kwa takriban kilo 100 kuliko ndugu yake wa lita 3.0, na sehemu kubwa ya uzito uliopungua ni wa mbele, kwa hiyo inakata kona kwa wepesi. Kutoka kusimama mpaka kilomita 100 kwa saa inatumia sekunde 5.2, kubwa inatumia 4.3. Zote mbili zimefungiwa zisizidi kilomita 250 kwa saa. Hiyo tofauti isiyofika sekunde moja utaitumia wapi, kwenye foleni?

Kwangu mimi, injini ndogo si kosa. Tatizo ni beji moja kubeba magari yenye tabia tofauti. Japani mwaka 2019 kulikuwa na Supra tatu. SZ, lita 2.0, nguvu 197, kwa yeni milioni 4.9. SZ-R, lita 2.0 pia lakini nguvu 258, milioni 5.9. Na RZ, lita 3.0, nguvu 340, milioni 6.9. SZ haina hata zile shokapu zinazojirekebisha zenyewe kama wenzake. Ukizitazama kwa nje, zote Supra.

Na sisi ndio tunaohusika, kwa sababu magari mengi yanayoshuka bandari za Dar es Salaam na Mombasa ni yaliyotumika Japani, usukani kulia. Toyota ilishatangaza kwamba uzalishaji wa Supra hii mwisho wake ni Machi 2026, kwa hiyo wengi wetu tutakutana nayo kama mtumba. Muuzaji akikwambia "Supra", usitoe hela. Muulize herufi zake.

Kabla ya hapo, kaeni chini wawili nyumbani. Kila mmoja ajibu swali moja: gari hili lingeitwa Celica, kwa bei hiihii, tungelitaka? Nilipomuuliza mume wangu, alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mama Neema, mimi nataka silinda sita." Sikununa. Nilimwambia basi hela haijatosha, tuendelee kuweka.

Wenye jibu la "ndiyo" wachukue ndogo bila aibu, waifurahie. Wenye jibu la "hapana" wasubiri. Balaa ni kununua ndogo kwa sababu mfuko umegoma, huku moyo uko kwa kubwa. Hapo utamwona mwenzio kila mwezi yuko gereji, mara turbo kubwa zaidi, mara bomba jipya, na ada ya mtoto inasubiri. Miaka miwili baadaye mmeshalipia silinda sita, na bado mna nne, na hamsemeshani.

Jina la gari likae kwenye beji. Makubaliano yakae kati yenu.

Tukutane mwezi ujao.