Sikio Nalo Hula

Tumezoea kuliona tatizo la kusikia kuwa ni la uzee au la kelele. Mtu wa makamo anapoanza kusema "ati?" kila aulizwapo swali, tunamcheka, kisha tunapaza sauti. Ni nadra mno kumsikia mtu akiuliza mwenzetu huyo amekuwa akila nini kwa miaka 20 iliyopita. Nadhani swali hilo linafaa kuulizwa, hasa katika vyumba vya walimu.

Yafaa ikumbukwe kuwa sikio la ndani ni kiungo chenye njaa. Humo mna chembechembe hai zipatazo 15,000 zenye vinywele vyembamba, ambazo huugeuza mtikisiko wa sauti kuwa habari ya kupelekwa ubongoni. Damu huzifikia kwa mshipa mmoja mwembamba, usio na msaidizi. Mshipa huo na vijitawi vyake vikizibwa na mafuta au kuharibiwa na sukari, chembechembe hizo hufa, na kwa binadamu zilizokufa hazioti tena. Si ajabu kwamba upungufu wa kusikia huwapata wagonjwa wa kisukari takriban maradufu ya watu wengine.

Huko Boston, Marekani, watafiti wakiongozwa na Dkt Sharon Curhan waliwafuatilia wauguzi wanawake wapatao 70,000 tangu 1991 hadi 2013. Matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha kuwa waliozingatia mboga, matunda, jamii ya kunde, samaki na nafaka zisizokobolewa walipungukiwa na hatari ya kupoteza kusikia kwa takriban asilimia 30. Kweli, wauguzi hao walijieleza wenyewe hali ya masikio yao, na huenda mlaji mwema ana mazoea mengine mema. Hata hivyo, sioni hasara ya kuwaiga.

Sasa tuitazame meza yetu. Saa nne asubuhi ni chai ya vijiko vinne vya sukari na mandazi yaliyokolea mafuta. Mchana, kwa walio mijini, ni chipsi zilizomiminiwa chumvi. Ilhali kunde, mchicha, terere na omena vyadharauliwa eti ni vyakula vya mtu aliyeishiwa!

Anayeumia kwanza ni mwanafunzi. Nimewahi kumwona msichana mwenye sauti ndogo akikaripiwa kwa ukaidi wa kunyamaza, na kumbe alikuwa amejibu, tena sawasawa.

Simdanganyi mtu kuwa omena itamrudishia kilichokwisha kupotea. Wala mboga haitamkinga anayepanda kila siku matatu yenye muziki wa kupasua masikio. Ninalowaomba walimu wakuu ni dogo: chai ya saa nne iandamane na ndizi, viazi vitamu au njugu, sukari iwekwe kando kila mtu ajipimie, na walimu waliotimiza miaka 40 wahimizwe kupimwa masikio siku ile ile wanapopimwa shinikizo la damu.