Baba yu njiani, mtoto alale au asubiri?

Leo nataka tuketi tuzungumze juu ya jambo ambalo huleta ugomvi katika nyumba nyingi baina ya saa moja na saa nne za usiku, nalo ni saa ya watoto kulala.

Majuzi nilikwenda Homa Bay kumtembelea ndugu yangu wa kike. Yeye huuza omena, na mumewe hufanya kazi Migori, hurudi nyumbani kila Ijumaa kwa matatu ya kupitia Rongo. Wana watoto wawili, mvulana wa miaka 4 na msichana wa miaka 7. Ijumaa hiyo, saa mbili ilipopiga, nilitazamia kusikia watoto wakiambiwa waende wakalale. Wapi! Ilipofika saa tatu yule mdogo alikuwa amejilaza kwenye kochi, kinywa wazi, kiatu kimoja mguuni. Kila pikipiki ilipopita nje alishtuka na kuuliza, "Ni baba?"

Shemeji aliingia saa nne kasorobo. Mtoto alikuwa amelala fofofo. Alipoamshwa amsalimie baba yake alilia kilio cha kukata maini, akamsukuma kwa miguu yote miwili. Nilimtazama shemeji usoni nikaona haya kwa niaba yake. Mtu amekaa siku tano hajamwona mwanawe, kisha anapokewa kwa mateke.

Asubuhi yake nikaanza kutoa hotuba. Nilimweleza dadangu kwamba Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019, likasema mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, ule wa mchana ukiwemo. Mtoto anayeamshwa saa kumi na mbili asubuhi aende shule ya chekechea, akilala saa nne usiku, amepata saa 8 tu. Hayo ndiyo mabaki ya usingizi anayoyapeleka darasani, kisha mwalimu anaambiwa mtoto ni mzito wa kichwa.

Dadangu alinisikiliza huku akichambua omena. Kisha akasema, "Dada, hizo saa zako ni nzuri. Lakini nikimlaza saa mbili kila Ijumaa, baba yake atamjua lini?"

Mpenzi msomaji, sikuwa na jibu. Na ungeniuliza siku hiyo kama mimi mwenyewe niliwalaza wangu mapema, ningetafuta mahali pa kujificha. Kifungua mimba wangu alikulia kwenye benchi la mazoezi ya kwaya jijini Nairobi, amefunikwa leso, na sisi sauti ya pili tukimwimbia juu ya kichwa hadi saa tatu. Nilidhani anafurahia.

Lakini liko jambo moja ambalo sikukubali kulinyamazia, nalo ni mbu. Homa Bay na Migori ziko kando ya ziwa, na malaria huko ni ya mwaka mzima. Chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa humu nchini mwezi Septemba 2019, ilizinduliwa katika kaunti hiyo hiyo ya Homa Bay. Hata hivyo wataalamu hawakumwambia mzazi atupe chandarua, kwa maana chanjo hupunguza malaria lakini haiimalizi. Mbu anayeleta ugonjwa huu huuma usiku. Sasa fikiria: chandarua kimetundikwa vizuri chumbani, kimechomekwa chini ya godoro, na ndani yake hamna mtu. Mwenye kitanda amelala sebuleni kwenye kochi, miguu nje, akimngojea baba. Kwa hakika hapo chandarua kinamkinga godoro. Hili dadangu alilikubali mara moja, maana mvulana huyo alishawahi kulazwa hospitalini kwa malaria akiwa na mwaka mmoja na nusu, na hajausahau usiku ule.

Wazee wa Kijaluo hawakuwa na shida hii. Watoto walikwenda siwindhe, nyumba ya mama mzee, wakala hadithi na vitendawili mpaka mmoja baada ya mwingine akasinzia palepale alipoketi. Burudani ya jioni na malazi vilikuwa chini ya paa moja. Hakuna aliyefukuzwa kutoka kwenye utamu ili akalale, na hilo ndilo linalowaliza watoto wetu siku hizi: wanasikia televisheni na vicheko vya wageni upande wa pili wa ukuta. Ningekuwa mtoto, nami ningelia.

Tena tuna bahati ambayo hatuifikirii. Katika sehemu hizo jua hutua baina ya saa kumi na mbili u nusu na saa moja mwaka mzima. Mama wa London hupambana na mwanga mwezi Juni hadi baada ya saa tatu usiku, ndiyo sababu vitabu vya kwao husisitiza mapazia mazito. Sisi giza hutusaidia bure, kisha tunawasha kila taa tuliyo nayo. Kazi ya shule nayo isiwe kisingizio. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zilisema masomo katika shule za kutwa yaishe saa tisa u nusu, na michezo saa kumi na moja kasorobo. Msichana wa miaka 7 anaweza kuandika hesabu zake kabla ya jua kutua.

Jibu la Ijumaa, ajabu ni kwamba, lilitoka kwa omena. Wavuvi huwavua usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi ikiangaza sana uvuvi hupungua. Katika majuma ya giza dadangu huamka saa kumi alfajiri akawahi ufukweni kabla wachuuzi wengine hawajamaliza mali. Katika juma la mwezi mpevu hana haraka. Basi akasema, "Juma la mwezi watamngoja baba. Majuma ya giza hawatangoja, maana hata mimi nahitaji kulala."

Tukapanga hivi. Ijumaa ya mwezi mpevu mvulana alazwe mchana akitoka shuleni, aamshwe kabla ya saa tisa, ndipo asubiri hadi saa tatu, si zaidi. Akisinzia, apelekwe ndani ya chandarua, asiamshwe na mtu yeyote hata awe baba. Ijumaa nyingine, shemeji apige simu saa moja u nusu, azungumze nao, kisha walale. Na Jumamosi asubuhi ni yake: yeye ndiye awaamshe, awape uji, awapeleke ziwani kutazama mashua. Mama asiingilie.

Shemeji alinung'unika kidogo. Alisema uji hajui kuupika. Nikamwambia atajifunza.

Kuna jambo moja ambalo hatukulimaliza, nalo ni kesha za matanga. Mama mkwe wa dadangu anaona ni dharau mkaza mwana kuondoka saa mbili na watoto mgongoni wakati waombolezaji bado wanafika. Nami nasema mtoto wa miaka 4 hana kazi katika muziki wa usiku kucha, ambako hata wakubwa hupotoshana. Lakini huwezi kumwambia mama mkwe hivyo ukiwa mgeni. Tulichopata ni kwamba mama mdogo mmoja abaki nyumbani na watoto wa jamaa yote, naye apelekewe chakula chake cha matanga huko huko. Mama mkwe hajasema ndiyo, wala hajasema la.

Juzi dadangu amenipigia simu. Mwezi umepita mara mbili. Anasema Ijumaa iliyopita shemeji alifika saa nne, akaingia chumbani polepole, akakaa kando ya chandarua bila kuwasha taa. Asubuhi uji ulishika sufuria, na watoto wakaula hivyo hivyo.

Juma lijalo tutazungumza juu ya akina mama wanaofanya kazi zamu ya usiku. Kama wewe ni mmoja wao, niandikie.