Utu Haufundishwi kwa Fimbo



Katika shule nyingi za hapa Uganda utaona neno "heshima" limeandikwa ukutani, na fimbo imeegemezwa kando ya meza ya mwalimu. Mtoto huyaona yote mawili, lakini linalomkaa moyoni ni fimbo.

Sheria imekwisha kusema. Tangu marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 1996, yaliyopitishwa mwaka 2016, viboko shuleni ni marufuku. Hata hivyo wapo miongoni mwetu wanaonung'unika kwamba bila fimbo hakuna adabu, na hutaja methali: "Samaki mkunje angali mbichi." Ni kweli. Lakini samaki hukunjwa kwa mkono, taratibu. Ukimponda huna samaki tena.

Mtoto anayepigwa hujifunza kwamba mwenye nguvu ana haki ya kumwonea mnyonge. Leo atawaonea wadogo uwanjani. Kesho, akiwa msimamizi kiwandani, atawaonea wafanyakazi. Sisi wa chama tunamjua sana msimamizi wa namna hiyo.

Jambo la pili ni kazi. Mtoto akichelewa hupewa jembe. Akipiga kelele hutumwa kusafisha choo. Hivyo tunamfundisha kwamba kazi ya mikono ni adhabu, na anayeifanya ni mkosaji. Je, atamheshimuje mama anayefagia soko, au mzazi wake mwenyewe aliye mkulima? Usafi wa shule uwe wa zamu kwa kila mtoto, hata yule anayeongoza katika mitihani, na mwalimu naye ashike ufagio.

Mengine hayahitaji fedha: kumwita mtoto kwa jina lake, kumwuliza aliyechelewa sababu kabla ya kumhukumu, maana huenda ametoka kuteka maji, kutomtangaza wa mwisho ili achekwe, kumwomba radhi tunapomkosea.

Mwingine atauliza: "Watoto mia darasani, nitawajuaje kwa majina?" Swali hilo ni la haki. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza mwaka 1997, wanafunzi waliongezeka kutoka kiasi cha milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5, na walimu na madarasa hayakuongezeka kwa kasi hiyo. Pendekezo la ILO na UNESCO la mwaka 1966 juu ya hali ya walimu linataka darasa liwe na ukubwa unaomwezesha mwalimu kumwangalia kila mwanafunzi. Basi chama kidai hilo katika kila mazungumzo na serikali, kama kinavyodai mishahara.

Lakini tusingoje madarasa yapungue ndipo tuweke fimbo chini. Anayedai utu kwa mwajiri wake hana budi kuwatendea utu walio chini ya mkono wake.